Siku ya Tisini na Saba ya Eda

Wakati wa chai ya asubuhi, unyevu ulikuwa umepanda shubiri moja kwenye ukuta wa mashariki. Adhuhuri ilipoadhiniwa, ulikuwa umefika usawa wa magoti. Ikbali alichukua msumari akauchomeka pale, na udongo ukaupokea kama uji. Ulizama wote. Hakuthubutu kuuchomoa.

Pale kijijini kila mtu alizijua nyumba za udongo. Hazilii wala hazitikisiki. Hunywa maji kimyakimya, kisha huketi chini kwa mkupuo mmoja, na aliyemo hapati hata muda wa kumaliza shahada.

Na aliyemo alikuwa mama mkwe wake.

Bi Sittana alikuwa juu ya kitanda cha kamba, nguo nyeupe ya eda imemfunika tangu utosini, tasbihi mkononi. Ilikuwa siku ya tisini na saba tangu afe mumewe, Mzee Badawi. Zilibaki thelathini na tatu. Tangu juzi, mto Nili ulipovuka alama ya hatari, neno lake lilikuwa moja tu: Mola amemwamuru akae ndani, na ndani atabaki.

Wengine wote walikwisha kuhamia shule ya kilimani. Hajati Bakhita, jirani, alisimamisha mkokoteni wake mlangoni, mbuzi wawili na magodoro juu yake.

"Bado tu?"

"Bado, Hajati. Anasema hajamaliza eda."

"Mwambie mto haujui eda. Hawa mbuzi wangu wana akili kumshinda, nimewaita mara moja tu wakapanda." Alicheka, kisha akauona ukuta, na kicheko kikamkauka. "Binti, nikishusha mzigo nitarudi kuwachukua. Nitarudi mara moja tu, lakini. Punda amechoka."

Ikbali alijifunga mtandio akakimbia hadi kwenye tuta, ambako wanaume walikuwa wakipanga magunia ya mchanga. Mumewe hakuwamo, alikuwa bandarini, mwendo wa siku nzima, na simu yake tangu jana haikuita. Alimwendea Sheikh Tayfur, aliyezama kwenye tope hadi mapajani. Sheikh hakuuliza mara mbili. Alimfuata, akasimama uani, uso ameuelekeza nje kwa adabu, akaongea kwa sauti ya kufika ndani.

"Bi Sittana, asalamu alaykum. Toka, mama. Hii ni dharura. Eda ni ibada, si kaburi. Shuleni tumekutengea chumba cha wanawake, utaimalizia huko."

"Waalaykumu salamu, Tayfur. Hukumu hiyo naijua. Ubao wako wa kwanza wa Kurani alikuandikia baba yangu, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia unavyokosea."

"Nilikosea, na fimbo zake nilizila. Basi kama unajua, toka."

Tasbihi iligonga punje mbili, tatu.

"Wako waja ambao Mungu huwafutia madhambi kwa shida. Niache nifutiwe."

Kutoka kwenye tuta walimwita Sheikh, sauti za watu walioona jambo. Aligeuka kuondoka, akamnong'oneza Ikbali: "Mja hatafuti shida, mwanangu. Ikimjia husubiri, na mlango ukifunguliwa hutoka. Mama yako huyu anajua hayo kuliko mimi. Kuna kitu kinamfunga humo, na si eda. Kifungue, upesi."

Ikbali alikijua. Alikuwa amelala nacho na kuamka nacho siku zote tisini na saba.

Siku aliyokufa Mzee Badawi kulikuwa na harusi kwa Hajati Bakhita. Miaka mitatu Bi Sittana alikuwa hajatoka, akimgeuza mgonjwa wake, akimlisha, akimwosha. Wanawake walimshika mkono wakamvuta, nusu saa tu, atiwe hina. Aliporudi mbio, hina mbichi viganjani, mumewe alikwisha kukata roho. "Mbona hamkuniita?" aliuliza. Ikbali, kwa woga, alijibu kuwa Mzee alikuwa usingizini, hawakujua.

Kipande cha udongo kilidondoka kutoka ukutani, kikasambaa sakafuni. Bi Sittana hakukitazama. Ikbali alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nilikudanganya. Baba hakuwa amelala."

Tasbihi ilisimama.

"Alifumbua macho. Nilijua wakati wake umefika, nikainuka nije kukuita. Akanishika mkono. Akasema, 'Usimwite. Namsikia anacheka. Mwache acheke.' Nikakaa. Nikamtamkia shahada, akaifuata, akaenda. Radhi yake alikuachia, Mama. Mimi nikaificha, nikiogopa utaniuliza kwa nini nilimtii yeye nisikuite wewe."

Nje, mkokoteni ulisikika ukirudi, na Hajati Bakhita akimgombeza punda. Ikbali hakuinua kichwa. Aliuogopa ukuta, lakini macho ya mama mkwe wake aliyaogopa zaidi.

"Siku tisini na saba," alisema Bi Sittana polepole, "nakaa hapa najihesabu mwanamke aliyemwacha mumewe afe peke yake. Na wewe unaniletea uji asubuhi na jioni."

"Nisamehe, Mama."

"Sijakusamehe. Usiniharakishe." Alikuwa ameanza kulia, bila sauti, machozi yakiingia kwenye nguo nyeupe. "Alisema ananisikia?"

"Alisema hivyo. Alikuwa anatabasamu."

Bi Sittana alijifunika uso, akatamka bismillahi, akateremsha miguu. Magoti yalikuwa yamesahau kazi yake. Ikbali alimshika kiuno, wakavuka kizingiti pamoja, kisha ua uliojaa maji. Wakakaa mkokotenini, nao ukaanza kupanda kilima kwa shida, Hajati Bakhita akimvuta punda kwa hatamu.

Walipofika nusu ya njia walisikia kishindo nyuma yao, kizito na kifupi. Huenda ulikuwa ukuta wao, au wa mwingine. Hakuna aliyegeuka. Vidole vya Bi Sittana viliubana mkono wa Ikbali hadi ukauma.

"Kesho utanieleza tena, neno kwa neno, alivyosema," alimwambia. "Leo nimekukasirikia."