Lakabu Iliyobaki Mlangoni

Babu mzaa baba yake alijalidi vitabu vya mahakama; baba yake akajalidi kamusi za walimu na rejista za hospitali, na hakuna aliyewahi kurudisha kitabu kwa kuwa kimefumuka. Hao ndio waliomwachia Mzee Gundi karakana na jina lisilo doa. Gundi lenyewe si jina alilopewa na wazazi. Ni lakabu, ila ukiitaja, mtaa mzima utakuelekeza kwake.

Asubuhi moja alipigiwa simu na mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, aliyekuwa mbioni kumkabidhi vitabu vya maktaba avijalidi upya. Kwa sauti kavu alisema kwamba amefungua ukurasa wa duka la karakana mtandaoni mbele ya bodi ya shule, na badala ya majalada wameona kamari. Alitaka maelezo kabla bodi haijatawanyika, la sivyo vitabu vingekwenda kwa mwingine.

Mwana wa Mzee Gundi, msimamizi wa karakana, alishauri waseme wamedukuliwa. Siku hizi kila mtu hudukuliwa, hakuna atakayewacheka. Mzee alimwita mjukuu wake wa kike, mtunza tovuti yao, akamtaka amtaje aliyeliiba jina la ukoo.

Binti aliitazama kompyuta, uso ukamshuka.

"Hakuna aliyeiba, Babu. Jina ni letu bado."

Akaeleza kwamba anwani ya duka haikuwa na makao yake yenyewe. Ilikuwa lakabu tu, inayomwambia kila mgeni aende kwenye jina jingine, katika kampuni ya kuhifadhi tovuti walikopanga nafasi. Walipohamia kampuni nyingine, aliifunga nafasi ya zamani akasahau kuifuta lakabu. Mtu baki akaja akaipanga nafasi ile ile, kwa jina lile lile, na lakabu ikaendelea kumpelekea wageni wao.

"Ni kama wewe, Babu. Anayemtaka Gundi huletwa kwenye kiti hiki. Ukihama kimyakimya, atakayekikalia ndiye Gundi."

"Hata kama hajui kushika sindano?"

"Huyu wetu anajua kuchezesha kamari."

Msimamizi aliangua kicheko. Jicho la mzee likakikata katikati.

"Basi hatukudukuliwa," mzee alisema. "Tulihama tukaliacha jina letu mlangoni pa watu. Mpigie mwalimu, mjukuu wangu, umweleze hivyo hivyo."

"Atatuona wazembe, Baba," mwanawe alinong'ona.

"Na atuone wazembe. Asituone waongo."

Binti aliielekeza lakabu kwenye makao mapya, kisha akapiga simu. Alikiri kosa, akaonya kwamba baadhi ya kompyuta zingeikumbuka njia ya zamani kwa muda, hivyo wasiufungue ukurasa kwanza. Mwalimu mkuu aliuliza kama lakabu nyingine nazo zimekaguliwa. Binti akajibu kwamba bado, ndiyo kazi anayoianza sasa. Hapo mwalimu akasema ataleta vitabu vya rafu moja. Vilivyobaki vingengoja aone kazi. Mzee hakunung'unika. Yeye mwenyewe angeamua vivyo hivyo.

Sikieni basi, ninyi mliokabidhiwa majina msiyoyajenga: anayehama huling'oa kwanza jina lake mlangoni, ndipo arudishe ufunguo. Msiugeuze utaratibu huo. Lishikeni neno hili.