Miji Aliyoitoa Sekela

Mwajabu ameshashuka, na Sekela amebaki juu. Boti imesimama kimya juu ya matumbawe, jua la Mafia limeanza kuuma, na Sekela ameketi chini ya turubai akiyatazama maji mahali rafiki yake alipozama kinyumenyume, mtungi wa hewa mgongoni, mkono wake ndani ya mkono wa Mwalimu Faki. Anatazama mpaka macho yanamuuma. Hajalala sawasawa tangu wafike kisiwani, maana kila akifumba macho anaisikia sauti ya Mwajabu ikimwambia usiseme, Sekela, nakuomba, usimwambie mtu. Huyu Mwajabu ni zaidi ya jirani. Kule Uyole, Mbeya, maduka yao yanagawana ukuta mmoja; huku Sekela anaoka keki za harusi, kule Mwajabu anasuka nywele, na kwenye ukuta kuna kidirisha ambacho chai na umbea vinapita kutwa nzima. Mwaka huu daktari amemwambia Mwajabu kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka, itabidi apasuliwe Dar es Salaam mara baada ya likizo hii. Mwajabu hakulia. Alisema, kabla hawajanifungua kifua nataka nikaone chini ya bahari, kwa sababu wakishanishona hakuna atakayeniruhusu. Sekela, aliyekulia milimani na anayeogopa hata mto ukimfika magotini, akamwambia nitakusindikiza. Na leo pale ufukweni, Mwalimu Faki, ambaye kazi yake ni kuwafundisha wageni kupiga mbizi, aliwauliza kama yupo mwenye ugonjwa wa moyo au wa kifua. Kule chini maji yanakubana, alisema, moyo mmoja unafanya kazi ya mioyo miwili. Mwajabu akajibu, hakuna, mwalimu, sisi wazima. Sekela akatazama mchanga.

Sasa anatazama maji, na kope zinakuwa nzito, na anajiambia nitafumba kidogo tu, na hapo anaona kuna ngazi ya chuma imening'inia ubavuni mwa boti, ngazi ambayo hakuiona mwanzo. Anainuka. Anakanyaga kidato cha kwanza, cha pili, maji yanamfika kiunoni, yanamfika shingoni, yanamfunika, naye anaendelea kushuka kwa sababu ngazi inaendelea, na ajabu ni kwamba hayamlowanishi, wala hana mtungi, wala hakosi pumzi. Ngazi inageuka kuwa vidato vya mawe, vidato vinageuka kuwa barabara, barabara nyeupe ya mchanga inayokwenda mbele na inayokwenda nyuma na inayokwenda pembeni, zote ndefu, zote sawa. Mbele kabisa anamwona Mwajabu akitembea, mapezi ya mpira miguuni, akiburuza hatua kama mtu aliyevaa ndala za mtu mkubwa. Sekela anaita. Sauti haitoki. Yanatoka mapovu, yanapanda juu moja moja, na Mwajabu hageuki.

Penye njia panda amesimama mtu mrefu. Pale uso unapopaswa kuwa, ni laini tupu, kama kiganja. Sekela hamwogopi, katika ndoto hii woga wake wote umeshachukuliwa na kitu kingine, na anamuuliza kwa moyo, kwa kuwa mdomo hauwezi, rafiki yangu amepita njia ipi? Mtu yule anasikia. Anajibu, amepita ile unayomtengenezea ukinyamaza. Sekela anamwambia sielewi, nionyeshe kwa kidole. Mimi sina kidole cha kuonyesha, anasema, nina kitendawili tu. Kitendawili! Na Sekela, kama kila mtoto aliyewahi kukaa jikoni kwa bibi yake moshi ukimchoma macho, anajikuta akiitikia, tega. Mtu yule anasema, kizito kuliko mtungi wa chuma. Anakibeba mmoja, anazama mwingine. Sekela analijua jibu. Analijua papo hapo, liko kwenye ncha ya ulimi, ni siri, ni siri, ni siri, anafungua mdomo alitamke na yanatoka mapovu. Anajaribu tena. Mapovu. Mtu asiye na uso anangoja kwa subira ya watu wasio na haraka, kisha anasema, umeshindwa, nipe mji.

Anampa Mbeya. Ndivyo mchezo ulivyo, ukishindwa unatoa mji, na Mbeya ndiyo iliyo karibu naye. Mara anapoutoa, mji unatokea pale chini, wote, umegeuzwa kama unavyogeuzwa kwenye kioo. Maandishi ya maduka yanasomeka kutoka kulia, Mlima Loleza unaning'inia kichwa chini juu ya soko, na kuta za nyumba zote ni vioo ambamo Sekela anajiona akipita, akipita, akipita. Analikuta duka lake. Anafungua kidirisha cha ukutani, na upande wa pili ameketi Mwajabu, amempa mgongo, anachana nywele zisizo na kichwa. Sekela anapenyeza mkono, vidole vinagusa bega, baridi, na mkono wenyewe unakwama kwenye tundu. Mwajabu, anasema moyoni, panda juu, panda tuondoke. Nami nitapandaje, anajibu Mwajabu bila kugeuka, na wewe umemwambia mwalimu mimi mzima? Wewe ndiye uliyesema! Mimi nilisema kwa mdomo mmoja, anasema Mwajabu, wewe ulisema kwa macho mawili. Na duka linaanza kufifia, ukuta, kidirisha, harufu ya siagi, na Sekela anataka kuukumbuka mji huu unaitwaje na hakumbuki. Ameshautoa. Si wake tena.

Barabara inamrudisha palepale penye njia panda, au panapofanana na pale, na mtu mrefu ni yuleyule au ni ndugu yake. Kitendawili. Sitaki, anasema Sekela. Lakini mwili wake unaitikia wenyewe, tega. Kizito kuliko mtungi wa chuma. Anakibeba mmoja, anazama mwingine. Ni kilekile! Ndiyo, anasema mtu yule, na jibu ni lilelile, lililobadilika ni urefu wa maji. Sekela anashika koo kwa mikono miwili, analikamua kama mtu anayekamua nguo, na hakitoki kitu. Anatoa Tukuyu. Anautoa huku akilia, maana Tukuyu ndiko alikozaliwa, ndiko kwenye migomba ya mama yake na mvua isiyokoma na kaburi la mama yake chini ya mvua hiyo. Migomba inaota mchangani kwa sekunde chache, majani chini mizizi juu, samaki wadogo wa manjano wanapita katikati yake, kisha inazimika, na Sekela anajua kwamba hapo zamani alikuwa na mama, ila hajui alimwacha wapi.

Tena njia panda. Tena kitendawili. Safari hii Sekela hana mji wa kwake wa kutoa. Basi toa wa mwenzako, anasema mtu asiye na uso, kwa upole, kama muuza duka anayekusaidia kuchagua. Na Sekela, ambaye hajawahi kuchukua hata chumvi ya Mwajabu bila kuomba, anatoa Tabora. Ndiko kwao Mwajabu. Mwajabu amemsimulia Tabora mara nyingi kupitia kile kidirisha, asali mbichi iliyo na vipande vya sega, gari moshi likipiga honi, baba yake akinyoa ndevu uani mbele ya kipande cha kioo. Vyote vinatokea mchangani, na katikati ya vyote amesimama Mwajabu, safari hii uso kwa uso, miwani ya kuzamia kwenye paji la uso. Hatimaye! Sekela anamkimbilia, kukimbia ndani ya maji, goti linapanda taratibu na kushuka taratibu, mpaka anamfikia na kumkumbatia. Mwajabu anajitoa polepole, kwa adabu. Samahani, dada, anasema, sisi tunajuana?

Sekela anataka kumwambia ni mimi, ni mimi wa ukutani, na kila neno linapanda juu likiwa povu. Anaona kifua cha Mwajabu. Pale kifuani pana mlango mdogo wa mbao, kama wa kabati, na maji yanausukuma ndani na kuuvuta nje, unapiga pwa, unapiga pwa, haufungi. Sekela anaweka kiganja juu yake na kuubana. Unatulia. Mwajabu anavuta pumzi, anatabasamu kama mgonjwa aliyepewa mto wa kulalia. Ahsante, dada, usiuachie, anasema. Sitauachia. Lakini maji yana nguvu ya bahari nzima, na Sekela ana nguvu ya mkono mmoja, kisha mikono miwili, kisha bega, kisha mwili wote umeegemea kile kimlango, na bado kinamsukuma, na miguu yake inateleza mchangani, na nyuma yake wamejipanga watu warefu wasio na nyuso, wengi sasa, wanatazama bila macho. Nisaidieni! Hawasogei. Mmoja anasema, neno moja tu lingeufunga. Mwingine anasema, neno hilo unalo. Na wa tatu anasema, kitendawili, na mwili wa Sekela, msaliti, unaitikia tega, na wanasema kwa pamoja umeshindwa, nipe mji, na kwa kuwa hakuna mji uliobaki duniani anaoujua, anatoa kisiwa hiki, anatoa Mafia yote, ufukwe wake na bahari yake, na pale pale mchanga unafunguka chini ya miguu yake, mikono inaachia, na anausikia ule mlango ukipiga nyuma yake, pwa, pwa, pwa, wakati anaanguka.

Dada. Dada, tumefika. Ni Mwalimu Faki, amemshika bega. Boti ndiyo kwanza inazimwa injini. Na mbele yake, kwenye ubao wa pili, ameketi Mwajabu, anafunga mkanda wa mtungi kiunoni huku akicheka. Umekoroma tangu tuondoke ufukweni, anasema Mwajabu, mpaka nahodha ameona aibu. Sekela anamtazama. Umeshashuka wewe, anasema. Nimeshuka na nani? Na Faki, nimekuona, ulizama kinyumenyume. Mwajabu anageuka kumtazama mwalimu, wanacheka wote wawili. Hakuna aliyeshuka, dada, anasema Faki, ni jua hilo, kunywa maji. Lakini nywele za Mwajabu zimelowa. Kila msuko unadondosha maji, tone, tone, kwenye ubao. Sekela anazionyesha kwa kidole. Nimejimwagia maji, anasema Mwajabu, joto lote hili! Na yawezekana ni kweli. Ndoo ipo pale. Sekela anaugusa ubao, ni wa moto. Anajifinya mkono, panauma, lakini kule nako paliuma. Mwajabu ameshaketi ukingoni, mgongo kwa bahari, anashusha miwani. Faki anamnyooshea mkono.

Mwalimu, anasema Sekela. Alitarajia mapovu, na imetoka sauti, kubwa kuliko alivyotaka. Mwalimu, huyu ni mgonjwa wa moyo. Anasubiri kupasuliwa. Sekela, anasema Mwajabu polepole. Mlango wa moyo wake haufungi, mwalimu, anaendelea Sekela, usimshushe, nakuomba. Faki anamtazama Mwajabu. Ni kweli, dada? Mwajabu anavua miwani na kuinamisha uso. Faki hagombi. Anapiga goti, anafungua mkanda, anauvua mtungi mgongoni kwa Mwajabu kwa uangalifu kama anayemvua mtoto koti, na kumwambia, dada yangu, ningekuua bila kujua. Kisha anamwambia nahodha ageuze. Injini inawaka. Mwajabu anaketi amempa Sekela kisogo, na kwa mara ya kwanza tangu daktari aseme yale maneno, mabega yake yanatikisika. Lilikuwa jambo moja tu, anasema. Moja tu nililoomba kabla ya kisu. Na nilikwambia wewe peke yako. Sekela anasema, ungekufa. Mwajabu anasema, ni mimi ningekufa, si wewe. Usiniguse.

Sekela anaurudisha mkono. Angependa kufurahi. Kama yuko macho, basi amesema, na Mwajabu yu hai hapa mbele yake, amekasirika, analia, na atafika Dar es Salaam akiwa mzima hata kama hatamsemesha tena maishani. Lakini kama bado amelala chini ya turubai, basi hakuna neno lililotoka kinywani mwake, na Mwajabu yuko chini hivi sasa, mkononi mwa mtu asiyejua kitu. Nani atamwamsha? Anaita, Mwajabu, nigeukie nikuone. Mwajabu hageuki. Anamwita tena, kwa sauti ndogo, halafu anamuuliza nahodha, tutafika lini? Sasa hivi tu, mama, anasema nahodha. Injini inanguruma, povu jeupe linakimbia nyuma ya boti, na mbele ufukwe unaonekana waziwazi, minazi, paa za makuti, mwanamke akianika nguo, na haukaribii.