Swaleha na Darasa la Kiwandani

Meneja Griffin alipomaliza kusema, wafanyakazi walipiga makofi. Swaleha naye akapiga, ila mikono yake ilikuwa baridi kama iliyotolewa mtungini.

Habari yenyewe ilikuwa njema. Kiwanda chao cha kukoboa mpunga, nje kidogo ya mji wa Garsen, kilikuwa kimepata mashine mpya. Ile ya zamani ilikuwa na mkono mmoja wa chuma tu: ukiushusha inanguruma, ukiupandisha inanyamaza. Hii mpya ilikuja na safu nzima ya vitufe, vyote rangi moja, na kioo kidogo kinachoandika maneno kila mpunga unapokwama. Ndiyo maana, akasema meneja, Jumatano angekuja mwalimu wa elimu ya watu wazima.

"Atawapima kusoma kwanza, kila mtu," alisema. "Hapo tutajua nani akae wapi."

Swaleha alisikia "atawapima." Yaliyobaki yote yalimpita kama upepo. Nani akae wapi? Wanaojua wakae kiwandani, wasiojua wakae makwao. Yeye alielewa hivyo.

Alikuwa mwanamke wa kijiji cha Wenje, mke wa Mahmud mkulima. Mto Tana ulipofurika na kuwazolea migomba na mahindi, Mahmud alibaki kulima upya kipande chao cha shamba ukingoni, naye Swaleha akashuka Garsen kutafuta kibarua. Hapo kiwandani aliingia kama mfagiaji wa pumba. Kwa bidii yake akapandishwa mpaka kwenye mashine, na sasa ndiye aliyekuwa akiilisha mpunga. Akisikia mlio tu alijua kama punje zinavunjika. Lakini shule hakuipitia hata mlango. Nambari alizijua, pesa alizijua, na watu wake kwenye simu aliwatambua kwa picha. Maandishi mengine yote ya kiwandani yalikuwa kwake kama nyayo za kuku matopeni.

Na hakuna aliyejua. Tangazo likibandikwa getini, Swaleha hupapasa mkoba wake na kusema, "Miwani nimeisahau tena. Mbodze, hebu nisomee, shoga yangu." Mbodze, mwenzake wa upande wa magunia, Mgiriama mwenye sauti kubwa na kicheko cha karibu, husimama mbele ya tangazo, akalitazama kwa makini, kisha akamwambia lilivyo. Miwani yenyewe Swaleha hakuwahi kuwa nayo.

Ni kweli Mbodze alikuwa na siku zake za kuteleza. Kuna siku alisoma kwamba wanatakiwa wawahi mapema, wakawahi, wakalikuta geti limefungwa na bawabu akiwauliza kama wao hawana mapumziko. Mbodze alisema wakubwa wameghairi, na Swaleha akaamini. Msomi ni msomi, bwana.

Jioni ya siku ile ya tangazo la meneja, Swaleha alimpigia mumewe simu.

"Baba Mansur, nataka kurudi nyumbani."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka na mji tu."

Kwa mbali Swaleha alisikia mbuzi wakilia uani. "Mama Mansur," Mahmud alisema, "nyumbani ni kwako, huhitaji ruhusa. Ukirudi kwa sababu umetukumbuka, nitafurahi. Lakini sauti yako si ya mtu aliyekumbuka nyumbani. Ni ya mtu anayekimbizwa. Nani anakukimbiza?"

Hakuweza kumwambia. Alisema mkate unaungua jikoni, akakata simu. Mkate hakuwa nao.

Jumatano ilipofika alivaa kanga mpya, kama mtu anayekwenda kuaga. Mwalimu alifika kwa pikipiki, mwanamke mnene kiasi, mchangamfu, anaitwa Lorna, amebeba kifurushi cha karatasi mgongoni. Watu wakaanza kuitwa chini ya kibanda cha chakula. Swaleha alisema anakwenda msalani. Badala ya kwenda msalani akazunguka nyuma ya ghala, kule kwenye kilima cha pumba, ambako kuna tundu kwenye ua linaloelekea barabarani.

Alimkuta Mbodze ameketi juu ya gunia tupu, mkoba kifuani, viatu mkononi.

"Wewe unafanya nini huku?" Swaleha aliuliza.

"Nawe?"

"Mimi… napunga hewa."

"Hewa ya pumba?" Mbodze alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka. "Swaleha, usinipeleke kule. Nakuomba. Wakinipima nimekwisha."

"Wakupime nini wewe? Si unasoma kila siku?"

Mbodze aliinamisha kichwa. "Sisomi. Sijawahi kusoma. Nilikuwa nawasikiliza wanaosoma kabla yetu, nakupa yale niliyoyaokota. Nisiposikia kitu, nabahatisha."

Swaleha alimtazama kana kwamba ameongea Kichina. "Na siku ile ya geti kufungwa?"

"Nilibahatisha."

"Na lile tangazo la madaktari wa macho, tukapanga foleni asubuhi nzima, kumbe ni foleni ya wauza mpunga?"

"Nilibahatisha pia. Lakini wewe nawe, mwenye miwani, mbona hukuja nayo hata siku moja ukasoma mwenyewe?"

"Sina miwani," Swaleha alisema. "Na ningekuwa nayo, ningeona vizuri tu nisichokijua."

Wakatazamana. Aliyeanza ni Swaleha: kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akajaribu kukizuia kwa ncha ya kanga, kikamshinda. Mbodze akamfuata. Walicheka mpaka wakashikana mabega, mpaka machozi yakachanganyika na vumbi la pumba usoni. Miaka yote hiyo kipofu alikuwa akimshika kipofu mwenzake mkono, na kila mmoja akidhani mwenzake anaona! Walipotulia, Swaleha aliona kifua chake ni chepesi. Hofu ilikuwapo bado, lakini sasa ilikuwa na wabebaji wawili.

"Vaa viatu," alimwambia Mbodze. "Tukifukuzwa, tufukuzwe kwa mlango wa mbele."

Mwalimu Lorna alikuwa ameketi kwenye benchi. Kando yake kulikuwa na vitabu vilivyoletwa kutoka mahali fulani, vya rangi kali, jalada lina paka aliyevaa kofia. Alikuwa amevisukuma pembeni. Mbele yake alipanga gunia tupu lenye maandishi, kibandiko cha tahadhari na kadi alizoandika mwenyewe kwa wino mzito.

"Karibuni, mama zangu. Nani aanze?"

"Tuko pamoja," Swaleha alisema. Kisha, kabla ujasiri haujamtoroka: "Mwalimu, nisikupotezee wakati. Mimi sijui kusoma. Wala huyu. Kama ni kufukuzwa, tuambie sasa."

"Kufukuzwa?" Mwalimu aligeuka kumtazama meneja, aliyekuwa akipita na bilauri ya chai.

Meneja Griffin alisimama. "Nani kasema kufukuzwa? Nimesema tujue nani akae wapi darasani! Wanaoanza wakae mbele, wanaojua kidogo nyuma. Darasa ni hapa hapa, saa za kazi." Akaiweka bilauri chini. "Mama Swaleha, nikufukuze wewe, nibaki na nani anayeijua mashine kwa mlio?"

Swaleha aliketi. Kumbe usingizi wote ule aliokosa, maombi yote yale, na kanga mpya juu, ni kwa ajili ya benchi la mbele au la nyuma! Alitaka kumkasirikia meneja kwa kusema mambo nusunusu, lakini hasira haikupata nafasi.

"Tuendelee," Mwalimu Lorna alisema kwa upole. "Hakuna unachoweza kusoma kabisa? Hata kitu kidogo?"

"Hakuna. Labda msahafu tu."

"Kwa kichwa?"

"Hapana, kwa kutazama. Nilisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo, nikahitimu. Lakini hicho ni Kiarabu, mwalimu, si kusoma kwenu huku."

Mwalimu alimsukumia kalamu. "Andika jina lako kwa herufi hizo."

Swaleha aliandika, mkono ukienda kutoka kulia, ukiinama na kuinuka bila kusita. Kisha, bila kuambiwa, akaandika na jina la Mahmud, na la Mansur mwanawe. Bibi yake mzaa mama aliwaandikia jamaa zake wa Kipini barua za Kiswahili kwa herufi hizi hizi, naye akiwa mtoto alikuwa akimshikia wino.

"Haya ni ya Kiswahili?" mwalimu aliuliza. "Ukiyatazama, unasikia sauti yake?"

"Naam. Hii swa, hii le."

"Basi kusoma unajua. Unajua kwamba alama ni sauti, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Kilichobaki ni kujuana na herufi nyingine. Zile zako zinaanzia kulia, hizi kushoto. Ni jirani wa ng'ambo ya mto tu."

Swaleha alifunika uso kwa kanga. Mbodze akamwekea mkono mgongoni, akamwambia mwalimu, "Mwache kidogo. Huyu analia vizuri."

Darasa lilianza wiki hiyo hiyo. Mwalimu hakuwafundisha paka wala kofia. Alibandika kadi ya Kiswahili kando ya kila kitufe, na maneno ya kwanza waliyojifunza ni yale ambayo mikono yao iliyagusa kila siku: WASHA, ZIMA, PUNGUZA, HATARI. Mara ya kwanza Swaleha aliposimama mbele ya mashine kusoma peke yake, alikunja uso, akaweka kidole kwenye herufi ya mwisho, akatamka kwa sauti, "Ami… amiz!"

Kiwanda kizima kiliangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Akahamisha kidole upande wa pili. "Zi. Ma. Zima." Akakibonyeza kitufe. Mashine ikanyamaza.

Siku ile walitoka pamoja, yeye na Mbodze, jua limepoa, nguo zimejaa vumbi la mchele. Njiani Swaleha alinunua mhogo wa kukaanga, akala kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu tangazo lile litoke.

"Hizo herufi zako za kulia," Mbodze alisema, akimega mhogo wa mwenzake bila kuomba, "na mimi nifundishe."

"Umezimaliza za kushoto?"

"Bado."

"Basi maliza kwanza, shoga," Swaleha alimwambia. "Usije ukanibahatishia na hizo."