Kikombe cha Kambale

Mimi Ernestine sipendi kubishiwa. Mutu aking'atwa na nyoka ao mbwa katika mtaa wetu hapa Goma, analetwa kwangu kabla hata hajafikiria hospitali. Nachanja kidogo kwa wembe, nabandika jiwe jeusi, linashika. Likianguka lenyewe nalichemsha katika maziwa, na maziwa yakibadilika rangi naita majirani: "Sumu hii hapa! Nani ana neno?" Hakuna aliyekuwa nalo.

Wiki sita zilizopita mdogo wangu Kambale alirudi kutoka Bunagana, alikokuwa amepeleka sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, ameng'atwa na mbwa karibu na sikio. Alikuwa na Munezero, mwenzake wa biashara. Mbwa yule yule alimrarua Munezero kisigino, pale pale wakisubiri kwenye duane, ofisi ya forodha ya mpakani. Niliwabandika wote wawili. Mawe yalikaa siku nne, maziwa yakageuka kijivu, nami nikajisifu mtaa mzima.

Jumatatu hii Kambale akaanza kujikuna kovu. Jumatano akaomba maji, akashika kikombe, koo likafunga, akakitupa ukutani. Nikamgombeza. "Umelewa asubuhi yote hii, weye?" Mungu anisamehe, nilimgombeza.

Hospitalini tulipokewa na munganga Zihindula, mwana wa Bukavu, mpole mpaka anakera. Akauliza kama Kambale alichomwa sindano baada ya kung'atwa. Nikamwambia sindano ya nini, jiwe lilitoa sumu yote.

"Mama Ernestine," akasema, "jiwe linashika damu. Huu ugonjwa, kichaa cha mbwa, hauendi na damu. Unaingia katika neva, zile nyuzi zinazopeleka habari kati ya mwili na ubongo. Unapanda polepole, kila siku kidogo, na mutu hasikii kitu. Ukifika kichwani, ubongo unaanza kutoa amri mbaya. Kiu anaisikia. Kumeza anataka. Lakini ubongo unaamuru koo lifunge. Si yeye anayekataa maji."

"Basi mupe dawa."

"Ukishafika kichwani, mama, hakuna dawa."

Nikamwambia ni mwongo, tena mwongo wa shule. Nikakaa chini sakafuni nikalia bila haya, watu wakinipita.

Aliponiona nimetulia kidogo akauliza kama kuna mwingine aliyeng'atwa. Nikamtaja Munezero na kisigino chake. Akasimama.

"Kisigino kiko mbali na kichwa. Kama bado hasikii kitu, sindano zinaweza kumuwahi. Lakini leo, mama. Usingoje kesho."

Nilikimbilia soko la Kituku. Munezero alikuwa sokoni anapanga samaki. Nilipomweleza alicheka mpaka wateja wakageuka.

"Miye? Si weye mwenyewe ulinionyesha maziwa? Sumu niliiona kwa macho yangu! Kambale wamemuloga, mama. Ni wivu wa biashara. Mutafutie mutu wa kumuombea."

Nikamwambia jiwe langu ni mfupa wa ng'ombe, nauchoma mwenyewe nyuma ya nyumba, na maziwa yanageuka rangi hata ukichemshia kaa la jikoni. Nilisema kwa sauti, mbele ya wanawake ambao watoto wao niliwabandika. Mmoja wao akatema mate chini. Lakini Munezero alinitazama kwa huruma tu. "Umechoka, mama Ernestine. Uende ulale."

"Basi njoo umusalimie," nikasema. Hilo hakuweza kukataa. Nani anakataa kumsalimia mgonjwa?

Tulimkuta Kambale ametulia. Ndivyo ugonjwa ulivyomfanya: unamshika, unamwachia, na akiachiwa akili yake ni nzima kabisa. Nikamwambia yote. Jiwe, kosa langu, na Munezero anavyokataa sindano. Nilitamani anitukane.

"Yaya, dada yangu," akasema, "lete kikombe."

"Sitaki."

"Huyu anaamini macho yake. Lete."

Zihindula akatikisa kichwa, lakini hakunizuia. Nikamimina maji. Kabla kikombe hakijafika mdomoni shingo ilikaza, mgongo ukapinda, mate yakamtoka. Akatoa sauti ambayo sikujua mutu anaweza kuitoa. Mikono yake mwenyewe ilisukuma kile alichokuwa amekiomba. Lakini macho yalikuwa yake, yanajua kila kitu, na yalikuwa yanamtazama Munezero.

"Kiondoe!" Munezero akapiga kelele. "Kiondoe, mama, nakubali! Mama weee, nakubali!"

Walimpeleka Munezero chumba cha pili. Alipochomwa sindano ya kwanza nilimsikia bado analia, na Zihindula anamwambia siku za kurudi kwa nyingine, anamrudishia mara mbili, mara tatu, ili asisahau.

Kambale hakutulia tena. Alikufa kesho yake saa nne asubuhi, midomo imepasuka kwa kiu. Kitu cha mwisho nilichompa mdogo wangu ni kile kikombe, na nilikuwa najua kitamfanya nini.