Joto la Ngazi ya Chini

Mdogo wangu tunamwita Nahodha tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akijikalisha ndani ya beseni la kufulia na kutuamrisha tumsukume. Alipopata pesa zake akanunua beseni kubwa zaidi: boti ya matanga yenye vitanda vinne, jiko la gesi, choo cha pampu, na injini ya dizeli ya kuisogeza upepo unapogoma. Sasa macho yake yameingia ukungu, naye anaiuza. Mnunuzi ni binti yangu.

Binti yangu ni muuguzi, mumewe anashona nguo. Kiwanja chao wamekiuza, eti wanataka nyumba inayotembea. Niliwaambia wamechanganyikiwa. Wakacheka, wakaniahidi kitanda cha mbele, nami nikanyamaza, maana mtu akishapewa kitanda atasema nini tena?

Pesa za kiwanja zinatosha boti na akiba kidogo ya kuanzia maisha. Lakini mkwe wangu alipita madukani kuulizia, akarudi ameishiwa maneno: injini mpya peke yake ni karibu nusu ya bei ya boti nzima. Ile ya mjomba ikiwafia, akiba yote imekwenda, na bado haitatosha. Akataka tuje na fundi. Binti akakataa katakata.

"Nimlete fundi amkague mjomba wangu? Mtu aliyenibeba mgongoni?"

Basi fundi akaachwa, nikachukuliwa mimi.

Tulimkuta Nahodha gatini asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi. Mkwe wangu alianza na anachokijua. Alitandaza tanga, akapitisha ukucha kwenye mishono yote, akavuta uzi hapa na pale.

"Huku umeoza, huku bado. Matanga hayanisumbui, mjomba, viraka nitaweka mwenyewe. Ila injini siwezi kuipiga cherehani."

"Injini hiyo?" Nahodha akacheka. "Sijaigusa tangu mwezi uliopita, lakini utaona. Mguso mmoja tu, inaamka kama askari aliyesikia filimbi!"

Tukashuka ndani. Kulikuwa na baridi. Sinki lilikuwa baridi, godoro lina unyevu. Magoti yangu yalikuwa yamenichosha, nikakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, ile ambayo ndiyo kifuniko cha injini.

Joto likanipanda kupitia gauni. Lilikuwa joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Baba yetu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Ilipozeeka, ikawa inagoma kila asubuhi, watu wamepanga ndoo mpaka barabarani, na Nahodha ndiye aliyekuwa akizungusha mkono wa chuma wa kuiwashia huku machozi yanamtoka. Ikishapata moto, siku nzima ni mguso mmoja tu. Sisi wawili tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Nahodha akageuza ufunguo. Injini ikashika papo hapo, ikanguruma chini yangu. Binti akapiga makofi. Mkwe wangu akashusha pumzi ndefu, akamnyooshea mjomba mkono wa makubaliano.

Ningesema nini? Nikimwita ndugu yangu mwongo, namvua nguo mbele ya mkwe. Nikinyamaza, nawauza watoto wangu. Uso ulinichoma kama nimefumaniwa mimi. Nikakimbilia kule ninakokimbilia siku zote.

"Kitendawili!"

"Jamani, mama! Sasa hivi?" Binti akacheka.

"Tega," akasema Nahodha. Mkono wake ulikuwa umefika nusu ya njia.

"Babu kalala mwezi mzima, shuka lake bado lina moto."

Akanitazama. Kisha akatazama mahali nilipokaa. Mkono ukarudi polepole, akaufuta kwenye suruali kana kwamba una mafuta.

"Hicho kigumu, dada. Nimeshindwa. Chukua mji."

Sisi hatukuwahi kuijua miji. Tulipokuwa watoto, miji yetu ilikuwa vyumba vya nyumba ya mama.

"Mji gani?"

"Chukua... chukua stoo."

"Stoo sitaki. Nataka jibu."

Injini ilikuwa ikinitikisa kama nafaka kwenye ungo. Nahodha akaizima.

"Niliiwasha alfajiri," akasema, akiiambia sakafu. "Nikaizima nilipowaona mnateremka. Ngojeni ipoe, mtaona inavyoamka kweli."

Tukangoja. Chai ya chupa ikamiminwa, ikapoa vikombeni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mkwe wangu alikunja tanga, akalikunjua, akalikunja tena, apate pa kuweka macho.

Adhuhuri Nahodha akageuza ufunguo. Injini ikakoroma, ikatema moshi mweupe, ikafa. Akageuza tena, ikafa tena. Ikaendelea hivyo mpaka betri nayo ikachoka.

"Kwa hiyo ungeniacha katikati ya maji, mjomba?" Binti yangu hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Nilijisemea nitakuwa nakuja kuitengeneza kidogo kidogo. Mgeni angekuja na fundi wake, angeinunua kama chuma chakavu. Nilitaka ibaki kwetu."

"Ndiyo maana ukanichagua mimi. Nisiyeleta fundi."

Mkwe wangu akakohoa, mikono bado imo ndani ya tanga.

"Mjomba, tukiihesabu boti kama haina injini kabisa, unasemaje?"

"Sema wewe, baba. Mimi leo sina mdomo wa kutaja bei."

Mkwe akataja: bei ya boti, kasoro injini mpya. Nahodha alikubali kwa kichwa kabla haijamalizika.

"Na kesho nakuja na fundi," akasema binti. "Aiguse yeye kwanza, ikiwa baridi. Baada ya hapo tutapeana mikono." Akapanda juu bila kuaga, na mumewe akamfuata akiwa ameinama.

Tukabaki wawili. Nahodha akanishika kiwiko anisaidie kupanda, kwa adabu zote, ila macho aliyapeleka kwenye sinki.

"Ungenivuta pembeni, dada," akasema. "Hata kwa kunifinya tu. Mbele ya mkwe!"

Pembeni palikuwepo, hatua chache tu kutoka pale, chumba chenye mlango na komeo. Sikukifikiria. Nilikuwa nimeng'ang'ania jibu, kama zamani, nilipokuwa nikimbana ukutani mpaka alie.

"Nimeshindwa," nikamwambia. "Chukua mji."

Akanipandisha mpaka ngazi ya juu.

"Mji gani?"

"Jikoni."

Jikoni kwa mama ndiko alikokuwa akilala Nahodha, karibu na moto. Hakucheka. Lakini hakuniachia kiwiko mpaka nikakanyaga gati.