Dini ya Shahidi

"Biblia hutaigusa," kaka yake alimwambia. Walikuwa kwenye chumba cha kushonea cha hospitali, katikati ya marundo ya mashuka yaliyochanika. "Karani atakuuliza dini. Unamwambia huna. Basi, hutaapa, utathibitisha tu kwa mdomo kwamba utasema kweli. Mungu humwingizi kabisa."

Mshonaji aliacha kukanyaga cherehani. Alijua kaka yake hana hila. Mtu mwingine angesema tu danganya, dada yangu, yaishe. Huyu alikuwa amekuna kichwa wiki nzima akitafuta namna ya kujiokoa na kuiokoa roho ya dada yake humo humo. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyemlea, akamfunga viatu, akamsuka mistari iliyopinda mpaka wenzake wakamcheka. Sasa alikuwa ameshtakiwa kwa kumgonga na kumuua mlinzi mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli, na mtu pekee aliyekuwa naye garini ni yeye, mdogo wake. Alitakiwa aseme mambo mawili tu: kwamba kaka hakuwa amekunywa, na kwamba baiskeli ndiyo iliyoingia barabarani ghafla.

"Sawa, kaka," alisema.

Akajiona ametua mzigo. Wapi! Alikuwa kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani. Kwaya aliendelea kuimba, na Ijumaa aliendelea kufunga, lakini kila alipopiga magoti alizungukazunguka tu. Alimweleza Mungu habari za mgongo wake, za mvua, za watoto wa kaka. Kesi aliiruka.

Siku ya kutoa ushahidi, wifi yake alikuja na watoto wote watatu, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, ili hakimu awaone vizuri. Benchi la pili alikaa mjane wa mlinzi, peke yake. Alimtazama mshonaji mara moja, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

Wakili wa kaka akamwita shahidi wake. Karani, mwanamke mwenye mafua, aliuliza bila kuinua kichwa:

"Dini?"

Jibu alikuwa amelifanyia mazoezi juu ya kila shuka. Sina. Neno lenyewe fupi tu. Lakini hapo kizimbani ndipo alipoelewa kwamba uongo wa kwanza aliotumwa kuusema haukuhusu pombe wala baiskeli. Alitakiwa amkane Kristo, kweupe, saa nne asubuhi, ili apewe ruhusa ya kusema ule wa pili. Na kaka wa watu alidhani amemrahisishia!

"Mama, nimeuliza dini."

"Mimi ni Mkristo."

Kaka yake alifumba macho. Karani akampa Biblia iliyoachia gundi mgongoni, naye akaiinua, akaapa.

Wakili hakuwa amegundua lolote. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu: "Siku ile, mshtakiwa alikuwa amekunywa?"

"Alikunywa. Chupa nne, nyumbani kwa mjomba." Akageukia benchi la pili. "Na baiskeli ilikuwa pembeni, mahali pake."

Wifi alipiga ukelele. "Ndugu yako! Ndugu yako wa tumbo moja!" Askari akamtoa nje, watoto wakamfuata wakilia. Wakili alikaa chini na kufunga jalada. Kanisani watu husimama na kushuhudia kwamba ukimtetea Bwana unajazwa amani. Mshonaji aliitafuta amani hiyo, hakuiona hata chembe. Aliona tu shingo ya kaka yake ikilowa jasho.

Hakimu alimgeukia. "Ulijua amekunywa. Kwa nini ukapanda gari lake?"

Angeweza kusema hajui. Kule kizimbani kwake, kaka alimtikisia kichwa polepole: acha, usiseme. Jambo hilo hakuwaambia polisi, hakumwambia wakili, hata mke wake hakumwambia. Miezi saba alikuwa amelibeba peke yake.

"Yeye alitaka alale hukohuko kwa mjomba, mheshimiwa," mshonaji alisema. "Mimi ndiye niliyemwamsha. Nikamwambia akanyage mafuta, nitachelewa ibada ya jioni."