Simfonia ya Mwisho ya Vendelin Skopal

Moto ulianzia kwenye jiko la kuni la ukumbi wa muziki, Jumatano asubuhi, sisi wapigaji tukiwa bado tunakaza nyuzi. Tulitoka salama sote kumi na wanne. Mwalimu wetu, Vendelin Skopal, alirudi ndani mara mbili kufuata kabati la nota. Mara ya pili tulimburuta kwa koti lake. Mle kabatini mlikuwa na kazi ya miaka thelathini na moja: simfonia, misa, nyimbo alizomtungia kabaila aliyetuajiri. Alisimama kwenye theluji akitazama linavyoteketea, kisha mdomo ukampinda, akaanguka.

Kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia na maneno yote isipokuwa moja: hapana. Akitaka maji, hapana. Akimwona binti yake Apolena, hapana, na machozi yanamtoka.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka Vienna. Mchapishaji aliyempuuza miaka yote sasa aliitaka simfonia yake ya mwisho, na iwe imefika kabla ya Pasaka. Wakati huo kabaila alishatuachisha kazi. Ukumbi hakuna, alisema, okestra ya nini?

Apolena akanijia na karatasi tupu. "Mjomba Matouš, nipigie sehemu yako ya simfonia hiyo. Yote unayoikumbuka."

"Binti yangu, mimi napiga fidla ya kati. Mimi ni pam-pam-pam tu. Ukiniandika mimi umeandika mlango usio na nyumba."

"Basi nipe huo mlango."

Tukaenda kwa Blažej, mpiga baragumu, tukamkuta kilabuni na bia yake. "Mbona nakumbuka vizuri sana!" akacheka. "Kwenye sehemu ya pili nanyamaza, nanyamaza, nahesabu mpaka sitini na mbili, halafu napuliza mara tatu. Andika hilo!"

Apolena aliliandika kweli. Blažej alipoona hivyo, akavua kofia.

Tuliwapata watano tu, wengine walishatawanyika. Mpiga fidla wa kwanza, aliyebeba wimbo wenyewe, alishaondoka kwenda kutafuta kazi Urusi, na hakuna aliyejua mji gani.

Siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi tulikizunguka kitanda cha mwalimu tukapiga tulichokuwa nacho. Kilikuwa kitu cha aibu, mifupa mitupu.

"Hapana," alisema mzee. "Hapana! Hapana!" Akaupiga ukuta kwa mkono wa kushoto.

Apolena alipiga magoti. "Najua, baba. Wimbo haumo. Nisamehe, sijui pa kuutafuta tena."

Mimi nilishusha upinde. Lakini Blažej alikuwa bado anahesabu kwa midomo, na alipofika sitini na mbili akapuliza mara tatu.

Mzee akauimba wimbo wenyewe. Aliimba kwa neno lake lile lile, ha-pa-na, ha-pa-na, sauti ikikwaruza lakini kila nota mahali pake. Apolena aliirukia kalamu. Sisi tukaingia chini yake, na sehemu nzima ya pili ikatoka, mwanzo mpaka mwisho.

Kesho yake alijaribu ya kwanza, akafika nusu. Jumatatu ikaja homa. Jumatano alikufa, mdomo ukiwa bado unafunguka na kufungika, na binti yake ameinama sikio karibu, asisikie kitu.

Apolena alituma Vienna ile sehemu moja kati ya nne. Jibu lilikuwa mistari miwili: hatuchapishi robo ya simfonia.

Akaigeuza kuwa wimbo wa mazishi, akawafundisha waimbaji wa kanisa, akanakili kwa parokia za jirani, kila nakala akiandika jina la baba yake kwa herufi kubwa. Alifanya hivyo mpaka macho yakamwishia.

Mwaka jana niliusikia mjini Olomouc, kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua. Nikamuuliza mwimbaji mmoja ni wa nani.

"Wa zamani tu, mzee. Hauna mwenyewe."

Nikamtajia jina. Akaniomba nirudie, nikarudia, akaitikia kwa kichwa huku akiwakimbilia wenzake.